TV dukani inawaka, ikifika home imefifia: namna ya kulinganisha picha kabla hujatoa hela

Kuna swali naulizwa sana na watu waliotoka kununua TV, hasa mwisho wa mwaka: "mbona dukani ilikuwa kali afu nyumbani imekuwa ya kawaida tu, wamenibadilishia nini?" Mara nyingi hakuna aliyebadilisha kitu. TV ni ileile, ila vitu vitatu vimebaki dukani, video waliyokuwa wanaicheza, setingi walizoweka na taa za duka, we umebeba boksi tu. Kwa hiyo ukitaka kujua TV itaonekanaje sebuleni kwako inabidi uviondoe hivyo vitatu ukiwa bado dukani na hela bado iko mfukoni. Mi nitaongelea Kariakoo kwa sababu ndo napapajua, ila we wa Luthuli pale Nairobi au Darajani Unguja mambo ni hayohayo.

Kwanza elewa duka linakufanyaje

Tuanze na video. Zile za maua, matone ya maji, kasuku wa rangi na magorofa ya Dubai usiku zimerekodiwa makusudi kwa 4K (picha yenye nukta nyingi sana) na kamera za bei mbaya, zinatoka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma au zimo ndani ya TV yenyewe, na hazijabanwa kama yanavyobanwa matangazo ya king'amuzi. Sasa ziangalie vizuri utagundua kitu: hamna mpira, hamna mtu anatembea gizani, uso wa mtu ukiwepo basi umepigiwa mataa ya studio, na kamera haigeuki haraka hata siku moja. Yani kila kinachoiumbua TV wamekitoa. Na we nyumbani unaangalia nini? Mpira, tamthilia, taarifa ya habari na video za YouTube zilizorekodiwa na simu. Hujawahi kukaa jioni nzima unaangalia kasuku.

Setingi sasa. TV nyingi zina hali ya duka na hali ya nyumbani, ukiwasha mara ya kwanza inakuuliza, LG wanaiita "Store Mode", Samsung "Retail Mode". Ikiwa kwenye hali ya duka inajiweka "Vivid" au "Dynamic", mwanga wa nyuma ya kioo unapanda mpaka mwisho, rangi zinakolezwa, ukali wa picha unaongezwa mpaka kila kitu kinakuwa na mstari mweupe pembeni, na weupe unasukumwa kwenda kwenye bluu. Hii ya bluu ni ujanja wa siku nyingi, ni kama bluu ya kufulia mashati ya shule: shati halijawa safi zaidi ila jicho linaona weupe. Filamu na vipindi vinatengenezwa kwa weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda weupe unaenda kwenye bluu), hali ya duka inaruka juu ya hapo kwa mbali. Ukiwa umesimama dakika mbili inapendeza kweli, ukikaa nayo masaa matatu macho yanauma na nyasi za Uwanja wa Mkapa zinawaka kijani ambacho hakipo uwanja wowote duniani.

Afu taa. Duka la kawaida lina tyubulaiti nyeupe juu, mlango uko wazi na jua la barabarani linaingia mpaka kwenye vioo. Kwenye mwanga huo huwezi kuona weusi wa TV. Ile ambayo nyeusi yake ni kijivu na ile yenye nyeusi ya kweli zinafanana kabisa, nyumbani saa nne usiku umezima taa unaangalia muvi ndo unaona kijivu kimejaa kona zote. Kinyume chake pia kipo, TV yenye mwanga wa wastani dukani inaonekana imekufa wakati sebuleni ingekutosha na kubaki, kwa hiyo watu wanaikimbia TV nzuri wanabeba inayowaka.

Na zikipangwa ukutani kumi kumi, jicho linakimbilia inayong'aa zaidi, hata kama rangi zake ni za uongo. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ile wanayotaka iondoke leo wanaiweka Vivid na ya pembeni yake wanaiacha ilivyo. Wala sio wizi, ni biashara, ila we usifanye uamuzi kwa kuangalia ukuta.

Tengeneza flashi yako

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na watu wengi wanairuka. Chukua flashi ya GB 16 au 32, ifomati FAT32 (mfumo wa kuhifadhi mafaili) maana TV karibu zote zinaisoma hiyo, kumbuka tu kwamba FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo weka vipande vifupi vya dakika moja moja. Kama unarekodi na iPhone ingia setingi za kamera, kwenye Formats chagua "Most Compatible", uzime na HDR ya video (ile inayoongeza tofauti ya mwanga na giza), vinginevyo utafika dukani TV ya bei ya chini ikuambie faili halisomeki na winga, yule kijana anayevuta wateja dukani, aanze kukucheka.

Unaweka nini humo? Vitu unavyovijua kwa macho yako.

Cha kwanza uso wa mtu. Mrekodi mtu wa nyumbani kwako, mama, mdogo wako, yeyote, amekaa karibu na dirisha mchana, bila fleshi na bila filta. Hiki kwangu ndo kipimo namba moja kwa sababu rangi ya ngozi ya mtu wako unaijua kuliko rangi ya kasuku. TV iliyokolezwa inamfanya mtu mweusi awe mwekundu mwekundu kama kachomwa na jua, au paji la uso linageuka doa jeupe lisilo na kitu ndani, au mashavu yanakuwa bapa, vile vivuli vidogo vya usoni vimeliwa vyote. TV nzuri inakuonyesha mama kama mama.

Cha pili gazeti. Tandaza ukurasa mzima wa gazeti mezani, ule wenye matangazo madogo madogo, urekodi kwa 4K kutoka juu ukurasa wote uenee kwenye fremu, simu umeiegemeza isitikisike. Hiki ni cha kukamata TV zinazoandikwa "4K supported" au "4K ready" kwenye boksi wakati kioo chenyewe ni cha nukta (pixel) 1366 kwa 768. Maandishi hayo maana yake ni kwamba inaweza kupokea faili la 4K, haijasema itakuonyesha nukta zote. 4K ya kweli ni 3840 kwa 2160. Na iwe video, isiwe picha ya mnato, maana TV nyingi za Android zinaonyesha picha za mnato na menyu zake kwa 1080 hata kama kioo ni cha 4K, utaisingizia bure.

Cha tatu mshumaa. Usiku zima taa chumba kizima, washa mshumaa mmoja, rekodi. Pembeni ya mwali kunatakiwa kuwe giza tii.

Cha nne nondo za dirisha. Simama sebuleni, geuza simu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia ukipita kwenye nondo, kisha rudia kwa haraka kidogo. Hapa unaona mwendo, nondo zikikatika katika au zikiacha mkia nyuma basi ujue na mpira utakuwa hivohivo.

Cha tano takataka, na hapa sitanii. Weka video iliyopita WhatsApp mara kadhaa, weka kipande cha mpira cha 360p (ubora wa chini), weka ile tamthilia unayoifuatilia yenye picha mbovu. TV zote zinaonyesha vizuri kitu kizuri, ila uwezo wa prosesa ya TV, ubongo wake wa kuchakata picha, unaonekana ikipewa kitu kibovu ikitengeneze.

Mwisho picha za rangi tupu, unazitengeneza kwenye simu na programu yoyote ya kuchora: nyeupe yote, kijivu yote, nyeusi yote, nyekundu, kijani, bluu. Hizi ni za kutafuta ubovu wa kioo.

Majina ya mafaili yaanze na namba yapangike kwa mfuatano, ukiwa dukani na watu wanakusukuma hutaki kutafuta tafuta.

Dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, sio Jumamosi mchana. Winga atakudaka kabla hujafika mlangoni, "bosi wangu njoo uone mashine, picha kama hii utaitafuta huioni," we mpe salamu, mwambie unataka inchi ngapi na bajeti yako, afu sema mapema kabisa: "kaka naomba rimoti, nataka niweke flashi yangu, nikiridhika nalipa leo leo." Hilo neno la kulipa leo linafungua milango. Akikataa katakata usibishane, duka la jirani linauza TV hiyohiyo, na mara nyingi anakuita urudi kabla hujavuka barabara.

Ukishika rimoti kitu cha kwanza toa hali ya duka au angalau badilisha picha kutoka Vivid uweke "Standard", halafu ujaribu na "Cinema" au "Movie". Itaonekana imefifia ghafla na ina unjano, usiogope, macho yako yametoka kwenye bluu kali, yape kama dakika mbili uku unaongea mambo mengine. Zima kitu chochote kinachoitwa "Eco" au "Energy Saving" maana hicho kinashusha mwanga. Angalia pia kama TV inarudi yenyewe kwenye Vivid baada ya dakika chache au inaleta mabango ya matangazo juu ya picha, hiyo ni hali ya duka bado ipo inapigana na wewe.

Sasa ukitaka kulinganisha TV mbili, masharti ni mawili tu: flashi ileile na modi ileile. Moja ikiwa Standard na nyingine Vivid unalinganisha setingi, TV zenyewe bado hujazigusa. Cheza uso kwenye ya kwanza, hamisha flashi, cheza uso kwenye ya pili, usiende kwenye faili lingine mpaka umemaliza hilo. Na usilinganishe kwa kupiga picha na simu ukamtumia mtu akuambie ipi nzuri, kamera ya simu inajipangia mwanga na weupe wake kila unapopiga, anachokiona mwenzako huko ni maoni ya simu yako.

Gazeti unaliangalia ukiwa karibu kabisa, pua inakaribia kioo. Herufi ndogo zikisomeka, hata kwa shida, sawa. Zikiwa ukungu mtupu na kwenye TV ya pembeni zinasomeka kwa faili lilelile, umepata jibu lako na stika ya boksi iseme inachotaka. Tazama na stika ya nyuma ya TV yenyewe, chukua namba ya modeli usearch hapohapo kwenye simu, kwenye tovuti ya kampuni wameandika kioo ni cha nukta ngapi.

Ukimaliza kusogea karibu rudi nyuma. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kuna hela za watu zinapotea. Pima kwa hatua umbali wa kochi lako mpaka ukutani kabla hujatoka nyumbani, afu dukani simama umbali huohuo, na kama kuna kiti kaa. Jicho zima la kawaida kwenye inchi 43 ya Full HD (nukta 1920 kwa 1080) linaacha kuona nukta moja moja ukishafika kama mita 1.7, kwenye inchi 55 ni kama mita 2.2. Ina maana ukikaa mita tatu kutoka kwenye inchi 43, kati ya Full HD na 4K ukali ni uleule kwa jicho lako, hata winga aapie mizimu ya kwao. Kama hela haitoshi vyote basi iende kwenye weusi mzuri, mwanga wa kutosha na prosesa, hivyo unaviona ukiwa umbali wowote.

Weusi unaupimaje kwenye duka lenye tyubulaiti? Cheza mshumaa, omba wazime taa za juu hata kwa dakika moja, wengine wanakubali. Wakikataa sogea karibu uzibe kioo kwa viganja ukichungulia kama unachungulia dirishani. Angalia kona, kama kuna mawingu ya mwanga yanayovuja kutoka pembeni hayo yatakuwepo kila siku usiku. TV za LED zina vioo vya aina mbili kubwa, IPS na VA. IPS unaiona vizuri hata ukikaa pembeni ila nyeusi yake ni kijivu, kiwango chake cha mweusi na mweupe ni karibu 1000 kwa 1, VA ina weusi zaidi, 3000 kwa 1 na kuendelea, ila ukikaa pembeni rangi zinapauka. OLED ndo inazima nukta moja moja, giza linakuwa giza. QLED isikuchanganye kwa jina, hiyo bado ni LED yenye rangi zilizoboreshwa, mwanga wake unatoka nyuma kama kawaida. Basi tembea kulia na kushoto mbele ya TV uku uso wa mama unacheza, kama nyumbani kwako watu wanakaa mpaka pembeni kabisa ya ukuta, na nyumba nyingi zetu ziko hivo siku ya mechi, fikiria hiyo kabla ya kufikiria weusi.

HDR nitaipita haraka. Imeandikwa kwenye boksi za TV karibu zote siku hizi, lakini video za HDR zinatengenezwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1000 au zaidi na TV nyingi za bei ya chini zinatoa niti 200 mpaka 300 tu. Inapokea HDR, haina mwanga wa kuionyesha. Hertzi (Hz), yani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, ni hivohivo, ukiona "200" au "400" yenye jina la kuvutia mbele yake uliza kioo chenyewe ni Hz ngapi, jibu mara nyingi ni 60.

Kisha rangi tupu. Nyekundu, kijani na bluu zinakuonyesha nukta zilizokufa, kijivu inakuonyesha madoa na mistari ya wima, yale madoa utayaona kila kamera ya mpira ikipita kwenye nyasi, na ukishayaona mara moja hutaacha kuyaona.

Jambo moja watu wanasahau: ile ya ukutani sio unayopewa. Unapewa boksi. Omba boksi lifunguliwe, TV yako iwashwe, uchomeke flashi uangalie uso na kijivu angalau. Kariakoo kupimiwa ni kawaida kabisa wala hutaonekana msumbufu. Kama wanataka kukuuzia ya ukutani kwa punguzo, ujue imewaka kutwa nzima kwa mwanga wa mwisho kwa miezi, punguzo liwe la maana. Na ikiwa ni OLED ya ukutani au iliyotumika kutoka Dubai, weka kijivu na nyekundu utafute kivuli cha nembo ya chaneli kwenye kona, kikiwepo kimeganda hapo, hakitoki.

Ikifika nyumbani

Ukiwasha ikakuuliza home au store, chagua home. Kama umepewa ikiwa tayari imeshaseti dukani, iangalie. Kwenye Samsung nyingi ni Settings, General, System Manager, Usage Mode, inaomba namba ya siri ambayo ni 0000 kama hujabadilisha, unachagua Home Mode. LG ipo kwenye Settings, General, sehemu ya Home/Store, Sony kwenye System kuna "Retail mode" unazima. Menyu zinahama hama kwa mwaka wa TV ila zinaishi maeneo hayo. Au fanya factory reset uanze upya, ni rahisi zaidi.

Kabla hujachomeka king'amuzi, chomeka flashi. Hili ni la muhimu kuliko yote ya nyumbani. Flashi ileile, modi ileile uliyotumia dukani, umbali uleule. Kama uso, gazeti na mshumaa vinaonekana ulivyoviona, TV yako ni nzima na lawama zote kuanzia hapo zinaenda kwingine. Kama havifanani, angalia "Eco", angalia dirisha linalotazamana na kioo, vuta pazia, rudia.

Sasa king'amuzi, na hapa ndo asilimia kubwa ya malalamiko inaishia. Angalia nyuma, kama umetumia ule waya wa AV wenye vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano, umeshajiua mwenyewe. Ule waya wa njano haubebi HD hata ukiubembeleza. Tumia HDMI, na kisha ingia kwenye setingi za king'amuzi chenyewe uweke 1080, vingine vinatoka kiwandani vimewekwa chini. Halafu angalia chaneli, ile yenye HD mwishoni mwa jina na ndugu yake isiyo na HD ni vitu viwili tofauti kabisa. Chaneli ya kawaida inakuja na nukta 720 kwa 576, kioo cha 4K kina nukta mara 20 ya hapo, kwa hiyo kila nukta moja iliyotumwa TV inatakiwa ijaze nafasi za nukta 20, kumi na tisa inazibuni yenyewe. Ndo maana kwenye TV ya zamani ya chogo inchi 21 chaneli ileile ilionekana safi na kwenye inchi 55 inaonekana imepakwa mafuta. TV kubwa haiharibu picha, inaikuza tu pamoja na ubaya wake.

Watu wakiona hivo wanamwita fundi aongeze dishi au antena ya gharama. Hapana bhana. Hiyo ni akili ya enzi za analojia, ambayo Dar ilizimwa mwisho wa 2012. Zamani signali ikipungua ulipata chenga, ukinyanyua antena chenga zinapungua. Dijitali haina chenga, signali ikiwa dhaifu picha inaganda, inakatika vipande vya miraba au inapotea, ila kama inacheza bila kuganda basi nukta zilizotumwa zimefika zote, dishi kubwa halitazifanya ziwe kali zaidi.

YouTube na Netflix zina tabia yake, zinashusha ubora zenyewe intaneti ikilegea. Netflix wanataka Mbps 15 kwa 4K, 5 kwa Full HD, 3 kwa 720. Na 4K yao inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa, kwa hiyo kama TV inakula hotspoti ya simu na bando la kuunga unga usishangae ukungu. YouTube bonyeza alama ya gia uangalie imekaa kwenye ngapi, ikiwa 480p huna haja ya kuifokea TV.

Setingi za kuanzia, modi iwe Cinema, Movie au Filmmaker Mode kama ipo, hii ya mwisho ilitangazwa 2019 na kazi yake ni kuzima mapambo yote muvi ionekane ilivyotengenezwa. "Sharpness" shusha karibu na sifuri, kwenye baadhi ya TV sifuri inafanya ukungu, kwa hiyo shusha taratibu ukiangalia maandishi ya taarifa ya habari mpaka ule mstari mweupe unaozizunguka herufi uondoke, simama hapo. "Noise reduction" zima kwa HD, iache chini kidogo kwa chaneli mbovu. Kulainisha mwendo, Samsung wanaita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow, kwa muvi zima kabisa, ndo inayofanya muvi ya mamilioni ionekane kama kipindi cha studio, kwa mpira iache kidogo kama unaipenda. Kama picha imekatwa pembeni, saa ya chaneli iko nusu, tafuta "Just Scan" au "Fit to screen".

Joto la rangi hapa kwetu lina mtihani wake. Ushauri wa wazungu ni Warm2, setingi inayosogeza weupe kwenye unjano, sawa, ila wao wanakaa na taa za njano njano, sisi sebule nyingi zina balbu nyeupe kabisa za kelvini 6500 au zaidi, ukiweka Warm2 chini ya balbu hiyo kila kitu kinaonekana kimemwagiwa chai. Anza na Warm1 au Standard kwa wiki, usiku ukizima taa ndo ujaribu Warm2. Mwanga wa nyuma panga mara mbili, wa mchana juu, wa usiku chini, TV nyingi zinakubali kuweka modi moja ya mchana na nyingine ya usiku. Na kama watu wa nyumbani wanalalamika "mmeifanya TV imepauka", waachie kama siku nne hivi bila kubishana, halafu iweke Vivid mbele yao ghafla, wenyewe watakuambia toa.

Mechi ya kwanza angalia jezi. Nyekundu ya Simba kwenye TV iliyokolezwa inamwagika nje ya mchezaji, mikunjo ya jezi haionekani, inakuwa doa moja jekundu linakimbia. Njano na kijani ya Yanga inawaka mpaka namba mgongoni haisomeki vizuri. Punguza "Colour" hatua mbili tatu mpaka mikunjo irudi. Hapo pia unaweza kuona yale madoa ya kijivu kama yapo, kamera ikiifuata mpira kwa juu.

Ukikuta ubovu wa kweli, nukta zilizokufa, mstari wa wima, mwanga unaovuja kona moja sana, usisubiri. Weka ile picha ya kijivu au nyeusi, piga picha taa zikiwa zimezimwa, tafuta risiti na kadi ya waranti, rudi wiki hiyohiyo na TV ikiwa kwenye boksi lake na maboya yake. Maduka mengi yana siku chache za kubadilisha kabla hayajaanza kukupeleka kwa fundi wa kampuni, na bila boksi wanapata sababu ya kukuzungusha. Na ukifika usielezee kwa maneno kwamba "picha sio nzuri", watakuwekea kasuku kwenye TV yako itapendeza na mtaonekana mmerudi na njaa zenu. Chomeka flashi yako, fungua kijivu, nyooshea kidole doa.